Reli ni ya Nani?

Msomaji, yamkini umewahi kusimama mbele ya wenzako katika ukumbi wa shule, mikono ikitetemeka kidogo, ukitetea hoja ambayo hukuichagua mwenyewe. Mimi nilialikwa siku moja kuwa mwamuzi wa mjadala wa namna hiyo katika shule moja iliyo karibu na Mulot, pale ambapo barabara itokayo Narok inavuka mto Amala na kuingia katika nchi ya Bomet. Hoja ilikuwa hii: kwamba reli na migodi yote ya nchi iwe mali ya serikali.

Upande wa kutetea ulianza vizuri. Msemaji wake wa kwanza alisema kuwa reli si duka. Mtu asiyependezwa na duka moja huvuka barabara akaenda la pili. Lakini hapana mtu awezaye kuvuka barabara akaikuta reli ya pili. Kwa hiyo kitu ambacho watu wote wanakihitaji, na ambacho hakina badala yake, hakifai kuachwa mikononi mwa mtu mmoja, kwa kuwa mtu huyo akipandisha nauli watu hawana pa kukimbilia. Upande wa kupinga ulijibu kwa mfano ulioujaza ukumbi kicheko: choo cha sokoni. Kila mtu hukitumia, kila mtu hukilalamikia, wala hapana hata mmoja anayeshika ufagio. Mali ya wote, walisema, haina mwenyewe, na mali isiyo na mwenyewe huwa ya yule aliye karibu nayo.

Hoja hizo mbili zilirushwa huku na huku kwa muda wa saa nzima. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alipoinua mkono akauliza: “Mheshimiwa Spika, ng'ombe wa baba yangu akikanyagwa na gari la moshi, nimwendee nani?” Watu walicheka tena. Spika alimwambia kuwa swali lake haliingii katika hoja. Mimi niliupa ushindi upande wa kutetea kwa alama mbili, nikanywa chai ya walimu, nikaenda zangu. Na tangu siku ile sijaridhika na hukumu yangu.

Usidhani kwamba hayo ni mazungumzo ya watu wasio na kazi. Ile reli mpya iliyofika Nairobi kutoka Mombasa mwaka 2017, na Suswa mwaka 2019, ilichorewa ramani ya kuendelea hadi Kisumu kwa kupitia Narok na Bomet. Mulot ni mpaka wa kaunti hizo mbili. Reli ikifuata ramani hiyo, haitapita mbali na malisho ya ng'ombe wa msichana yule.

Basi na tulitazame swali lake. Tunaposema kuwa kitu ni chetu, twamaanisha nini? Kalamu yako ni yako kwa sababu waweza kuiandikia, kuiazimisha, kuiuza, hata kuitupa mtoni ukipenda, na hapana mtu wa kukuuliza. Sasa ijaribu reli kwa kipimo hicho. Reli ya umma ni yako; lakini huwezi kuiazimisha, wala kuipanda bila ya kulipa nauli, na ukijaribu kung'oa kipande cha chuma chake ili ukakiuze utafungwa. Neno “yetu” limepokonywa karibu kila kitu kilichokuwa ndani yake. Mimi naona kwamba kimebaki kitu kimoja tu: haki ya kuuliza na kujibiwa. Hicho nacho kikiondoka, basi kusema kuwa reli ni ya umma ni adabu ya maneno tu, kama pale mwenyeji anapomwambia mgeni kuwa nyumba hii ni yako, na mgeni mwenye akili haanzi kuhamisha viti.

Historia yetu yathibitisha jambo hilo. Reli ya kwanza ya nchi hii ilikuwa mali ya serikali tangu msumari wa kwanza. Kampuni binafsi ya Waingereza, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 ili itawale na kufanya biashara katika Afrika ya Mashariki, ilishindwa kuijenga, na mwaka 1895 ikaiachia serikali nchi yenyewe. Serikali ya Uingereza ilianza kazi Mombasa mwaka 1896, na mwezi wa Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 5. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Huko London wabunge waliuliza maswali makali juu ya gharama, na mawaziri waliwajibu, kwa kuwa fedha ilikuwa ya walipa kodi wa Uingereza. Lakini Wakipsigis na Wanandi, ambao reli ilipita katika ardhi yao, hawakuwa na mahali pa kuuliza. Walipouliza kwa mikuki walijibiwa kwa risasi. Ilikuwa reli ya serikali, hapana shaka. Ila serikali yenyewe haikuwa yao.

Kisha reli ilitakiwa ijilipie. Ili ijilipie ilihitaji mizigo, na ili mizigo ipatikane walowezi waligawiwa ardhi. Kwa njia hiyo reli ya serikali ikazaa mashamba ya watu binafsi. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yaliingia Kericho na kupanda vilima ambavyo watu walikuwa wameondolewa. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ulitungiwa sheria yake maalumu, na watu wake wakahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Nyanza. Ni vema kukumbuka hayo kabla ya kusema kuwa serikali ni ya watu na kampuni ni ya mabepari, kama kwamba moja haikupata kumshika mkono mwenzake.

Nawe unayesoma mahali hapa una bahati ambayo wanafunzi wengi hawana, maana waweza kuziona aina tatu za milki kwa safari ya siku moja. Mulot yenyewe ni nchi ya mahindi na ng'ombe zaidi kuliko chai. Lakini panda kuelekea Bomet na Litein, kisha Kericho. Kwanza utakutana na vishamba vidogo, robo ekari hapa, ekari moja pale, ambavyo majani yake hupelekwa katika viwanda vya wakulima wenyewe, kama Kapkoros na Tirgaga. Mbele zaidi utayaona mashamba ya makampuni, yaliyonyooka kama zulia, ambayo hayana mwisho kwa macho. Na pembeni mwa msitu wa Mau kuna ukanda wa chai wa Nyayo, uliopandwa tangu mwaka 1986 na shirika la serikali ili uwe uzio wa kuuzuia msitu usiliwe. Chuma jani moja kutoka kila shamba uyaweke kiganjani. Mimi nimefanya hivyo. Hapana mtu awezaye kukuambia lipi ni la serikali, lipi la mkulima na lipi la mgeni.

Tofauti yaonekana siku ambapo jambo limeharibika. Mwaka 1984 Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever. Mwaka 2022 Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya fedha iitwayo CVC. Mwaka 2023 mashamba ya James Finlay ya Kericho yaliuzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, ingawa safari hiyo ilielezwa kuwa asilimia 15 ya hisa itakuwa ya ushirika wa wenyeji. Mchuma chai aliyekuwa shambani miaka yote hiyo alibadilishiwa bwana kama mtu anavyobadilishiwa shuka akiwa usingizini. Sisemi kwamba mabwana wapya ni wabaya kuliko wa zamani; pengine ni wema kuliko wao. Nasema tu kwamba mchumaji hakuulizwa, na hata angeuliza, mwenye hisa hakuwa na wajibu wa kumjibu.

Wakulima wadogo walipitia njia nyingine. Mamlaka ya kustawisha chai yao ilikuwa shirika la serikali tangu mwaka 1964, na mwaka 2000 serikali ikajitoa, viwanda vikawa makampuni ya wakulima wenye hisa, na shirika lenyewe likawa mali ya viwanda hivyo. Leo familia zinazopeleka majani huko ni zaidi ya 600,000. Huchagua wakurugenzi kwa kura. Je, wameridhika? Nenda Bomet siku ya kutangazwa bonasi usikilize mwenyewe. Mkulima wa upande huu wa Bonde la Ufa hulipwa kidogo kwa kilo kuliko mwenzake wa upande wa mashariki, na hupiga kelele, na hudai hesabu, na mara kwa mara huwaondoa wakurugenzi. Wengine husema kelele hizo ni dalili ya uovu wa mfumo. Mimi naona kuwa ni dalili ya kwamba mwenye mali anajijua. Katika shamba la kampuni hapana kelele za bonasi, kwa sababu hapana anayeitarajia.

Yapasa sasa nikupeleke mbali kidogo, hadi Wales katika Uingereza, kwa kuwa hoja ya migodi ya makaa ya mawe ilitokea huko kabla haijafika katika ukumbi wenu. Mwezi wa Oktoba 1913, katika mgodi wa Senghenydd uliokuwa wa kampuni binafsi, moto ulilipuka chini ya ardhi na kuua wachimbaji 439, wazee kwa vijana. Meneja alitozwa faini ya pauni 24. Kampuni ilitozwa pauni 10. Piga hesabu mwenyewe uone kila mtu alithaminiwa kwa senti ngapi. Watu wa bonde lile walipiga, na hawakusahau.

Kwa hiyo tarehe 1 Januari 1947, serikali ilipoitaifisha migodi yote ya makaa, wachimbaji walikusanyika malangoni alfajiri na kuimba. Palitundikwa mabango yaliyotangaza kuwa tangu siku hiyo mgodi unaendeshwa kwa niaba ya watu. Wazee waliowahi kuwazika ndugu zao waliyasoma mabango hayo wakalia. Naamini kuwa mimi nami ningelia.

Katika kijiji cha Aberfan, nacho ni cha Wales ile ile, bodi ya serikali ya makaa ilikuwa ikimwaga vifusi vya mgodi juu ya mlima, mahali penye chemchemi. Chini ya mlima palikuwa na shule ya msingi. Wakazi waliogopa. Halmashauri ya mji iliandika barua, mwaka 1963, kuionya bodi juu ya hatari ya vifusi nyuma ya shule. Barua zilipokelewa, zikahifadhiwa katika majalada. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966, mara tu masomo yalipoanza, kifusi kilicholowa maji kiliporomoka na kuifunika shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Baraza la uchunguzi liliilaumu bodi waziwazi. Lakini hapana mtu hata mmoja aliyeshtakiwa wala kufukuzwa kazi. Tena, ilipotakiwa kuviondoa vifusi vilivyobaki, pauni 150,000 zilichukuliwa kutoka katika mfuko wa michango ambayo watu wa dunia walikuwa wamewapa wafiwa. Yaani wafiwa walilipia kuondolewa kwa kitu kilichowaua watoto wao, na kitu hicho kilikuwa mali yao, kwa niaba ya watu.

Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka nje. Nadhani ndiyo iliyonifanya nimkumbuke msichana wa Mulot. Watu wa Aberfan walikuwa wamiliki kwa sheria. Waliuliza kwa maandishi, na miaka mitatu kabla. Hawakujibiwa.

Hata hivyo usikimbilie kusema kuwa upande wa kupinga umeshinda, maana kisa hakikuishia hapo. Wafiwa hawakunyamaza. Waliendelea kudai, mwaka baada ya mwaka, kwa serikali moja hadi nyingine, kwa kuwa palikuwapo na serikali ya kudaiwa. Na mwaka 1997 zile pauni 150,000 zilirudishwa. Zilirudishwa bila ya riba, baada ya miaka karibu 30, na wazazi wengine walikuwa wamekwisha kufa. Ni haki iliyochelewa hata ikaaibisha. Lakini wajane wa Senghenydd walimdai nani pauni zao? Kampuni ilikwisha zamani, na wenye hisa walizika majina yao pamoja nayo.

Jirani zetu wa Tanzania nao walizunguka duara hilo hilo. Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, kusini-magharibi mwa nchi, ulijengwa na serikali katika miaka ya 1980 kwa msaada wa China, ukauzwa kwa kampuni binafsi mwaka 2005, ukaleta malalamiko mengi, kisha ukarudishwa kwa shirika la serikali la madini. Reli yao ya kati nayo ilikodishwa kwa kampuni ya India mwaka 2007, ikarejeshwa miaka michache baadaye. Hayo yatosha kuonyesha kuwa kubadilisha bango la langoni si kazi ngumu.

Na sisi je? Reli ya kale ilikuwa ya Afrika ya Mashariki nzima mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Ikawa ya shirika la Kenya. Ikachakaa mikononi mwa shirika, injini zikapungua na vituo vikaota majani. Mwaka 2006 ikakodishwa kwa kampuni binafsi kwa muda wa miaka 25, ili ufanisi wa biashara uiokoe. Haukuiokoa. Mkataba ulivunjwa mwaka 2017, miaka 14 kabla ya wakati wake. Mwaka huo huo ilizinduliwa reli mpya, mali ya umma, iliyojengwa kwa mkopo wa China ambao wewe, msomaji, unaulipa kila ununuapo daftari lenye kodi. Sasa sikiliza: mikataba ya mkopo huo, iliyotiwa saini mwaka 2014, haikuonyeshwa kwa wananchi mpaka mwezi wa Novemba 2022, na hata siku hiyo ilitolewa sehemu tu. Kwa miaka minane mwenye mali hakujua aliahidi nini. Zaidi ya hayo, mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana barabarani kwa sababu serikali, ambayo ndiyo yenye reli, iliagiza makontena ya bandarini yapakiwe katika reli hiyo, na malori na madereva wakakosa kazi. Hiyo ni hatari ambayo upande wa kupinga haukuitaja, nami nashangaa, kwa kuwa ni kubwa kuliko ile ya choo cha sokoni: serikali ikiwa mchezaji, ndiyo pia yenye kipenga.

Nikirudi katika kiti cha mwamuzi, nitaamuaje? Chai naiachia wakulima. Mkulima aweza kuing'oa akapanda mahindi, au kupeleka majani yake kwingine; ana mlango wa kutokea, na serikali haina sababu ya kuingia humo ila kulinda mizani isiibe. Reli naipa serikali. Siipi kwa kuwa naiamini. Naipa kwa sababu Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 35, humpa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa dola. Habari iliyo mikononi mwa mtu binafsi anaweza kuidai pia, lakini sharti aonyeshe kwamba anaihitaji ili kuitumia au kuilinda haki fulani. Tofauti hiyo ni ndogo kama unene wa karatasi. Nami naujenga uamuzi wangu wote juu ya karatasi hiyo. Mbele ya kampuni lazima nieleze kwanza kwa nini nauliza. Mbele ya shirika la umma, uraia wangu ndiyo sababu.

Utaniambia kuwa watu wa Aberfan nao walikuwa na karatasi. Ni kweli, na sina jibu la kukuliwaza. Najua tu kwamba barua yao ilikuwa ya halmashauri moja, na kwamba ingelikuwa barua ya kila mzazi, kila wiki, majalada yangejaa, na huenda mtu mmoja ofisini angelazimika kuinuka kitini akautazame mlima.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Spika, swali la msichana wa kidato cha pili lilikuwa ndani ya hoja, na naomba radhi kwa kuwa sikusema hivyo siku ile. Jibu lake ni hili. Mwandikie mkuu wa shirika la reli. Taja Kifungu cha 35. Omba kuonyeshwa kanuni za fidia, na kiasi kilicholipwa kwa mifugo iliyokufa relini tangu Mombasa hadi Suswa. Weka nakala. Sheria ya mwaka 2016 inampa siku 21 za kukujibu. Na wale vijana wa upande wa kutetea, ambao niliwapa alama mbili za ushindi, ningependa kujua kama watafuatana nawe kwenda kuuliza siku ya 22.